Chumba cha Mwalimu Asteria

Wanafunzi wa Chuo cha Uuguzi cha Ilogelo walikuwa na utani wao kwamba Mwalimu Asteria amezaa mara mbili: binti anayesoma sekondari Tabora, na Kashinde, ambaye tumbo lake ni pamba tupu. Mwenyewe aliusikia utani huo na hakuukataza. Alikuwa mwanamke mrefu wa maneno machache, mabega yameinama kidogo kama ya mtu aliyezoea vitanda vya chini, na penye kichekesho alitabasamu wenzake wakiwa wameshamaliza kucheka.

Ilogelo ilikuwa misheni ndogo, nje ya Ushirombo: kanisa, hospitali, chuo, na shamba la mihogo lililokuwa likiwalisha wote. Mvua zikianza, wodi ya watoto ilifurika. Watoto walilala wawili kitanda kimoja na wengine mikekani, na karibu wote waliletwa na homa. Tena waliletwa wamechelewa, kwa sababu kwa watu wengi wa huku degedege halikuwa ugonjwa wa sindano. Mtoto alipitishwa kwanza kwa mganga wa kienyeji, akafika hospitali na hirizi mpya shingoni, macho yamegeuka juu, taya limekaza.

Kilichomsumbua Asteria si kwamba wanafunzi hawakujua la kufanya. Darasani walijua. Ukiuliza mtoto asiyepumua unaanza na nini, mikono yote ilikuwa juu. Lakini mwaka mmoja, binti kutoka Kahama, hodari wa kujibu kuliko wote, aliachwa peke yake kidogo upande wa mlangoni mwa wodi, mtoto akaacha kupumua mbele yake. Binti alisimama na kibeseni mkononi. Hakupiga kelele, hakumgusa mtoto, hakukiweka chini hata kile kibeseni. Muuguzi wa zamu alipofika kutoka upande wa pili, midomo ya mtoto ilikuwa imeshakuwa ya kijivu. Binti alikwenda likizo na hakurudi. Ilisemekana anashona nguo huko kwao.

Asteria hakuweza kumlaumu. Alijiuliza tu mtu anawezaje kufundishwa hofu kabla hofu yenyewe haijamfikia.

Jibu, au kitu alichodhani ni jibu, lilikuja mwaka wa tisini na sita, wakati wa chai. Daktari mmoja mgeni kutoka Ulaya, aliyekuwa akipita kukagua dawa, aliwasimulia kwamba kwao kuna watu wanatengeneza miwani mikubwa iliyofungwa kwenye kompyuta. Ukiivaa unaona chumba kisichokuwepo na mgonjwa asiyekuwepo. Ukigeuza kichwa, chumba nacho kinageuka. Siku moja, alisema, wanafunzi wa udaktari watajifunzia humo kuokoa watoto, na wakikosea hakuna atakayezikwa.

Pantaleo, mganga wa zahanati moja upande wa Segese, ambaye siku hiyo alikuwa amekuja kuchukua dawa zake, aliweka kikombe chini.

"Na hiyo miwani, daktari, inaonyesha na oksijeni? Maana kwangu hata nikivaa mbili sitaiona."

Walicheka wote, na mgeni alipotafsiriwa akacheka zaidi yao. Chuo kizima kilikuwa na taipureta moja, tena herufi zake mbili hazikugonga. Asteria hakucheka hata baadaye. Alikuwa anafikiri kwamba jambo lenyewe si miwani. Jambo ni mtu aingie mahali pasipokuwepo, moyo umwende mbio kikwelikweli, kisha atoke nje akute jua lipo palepale na hakuna msiba.

Nyuma ya bweni palikuwa na stoo ya mahindi isiyotumika. Aliomba apewe. Aliziba madirisha kwa magunia, akaweka kitanda cha chini na meza, akaning'iniza koroboi. Kisha akashona mtoto. Mwili ulikuwa wa kitambaa cha marekani, umejazwa pamba ya mabaki kutoka kwenye kiwanda cha kuchambua, na matakoni alitia mchanga ili mtoto awe na uzito wa mtoto. Kifuani alishonea mpira wa ndani wa kandanda, ukiunganishwa na mrija hadi mdomoni, kwa hiyo ukikilaza kichwa sawasawa na kupuliza vizuri, kifua kilipanda. Ukikosea, hakikupanda.

Kichwa alipewa na Bi Jasumati, aliyekuwa na duka la vitambaa Ushirombo. Kilikuwa cha mdoli wa mjukuu wake, mwili umevunjika, macho bado yanafumba kikilazwa. Wanafunzi walikipaka rangi ya viatu, ile ya kahawia, mtoto akatoka na pua ya Kizungu na mng'ao wa kiatu cha Jumapili. Walimwita Kashinde.

Kabla ya zoezi, Asteria alimwanika Kashinde juu ya bati mpaka akashika joto, ili anayempokea ahisi homa mikononi. Mwanafunzi mmoja alikaa ndani peke yake kama muuguzi wa zamu. Wengine walikuja wakikimbia, wakigonga mlango kwa makofi, mama mbele amembeba mtoto kwenye kitenge, nyuma shangazi wanalia, mwingine anafungulia redio, mwingine anauliza kwa nini watu wa hospitali hawafanyi haraka. Mama bora kuliko wote alikuwa Selestine, mvulana mwenye ndevu zinazoanza. Alijifunga khanga mbili, akajitupa sakafuni, akalia kwa Kisukuma mpaka mpishi wa chuo akaacha moto wake kuja kuuliza nani amefiwa. Tangu siku hiyo aliitwa Mama Kashinde hata kanisani.

Asteria mwenyewe alikaa nyuma ya pazia la gunia, akimtazama mwanafunzi kupitia tundu. Mtoto amelazwa ubavu? Mdomo umesafishwa? Kichwa kimekaa? Kifua kinapanda? Mwanafunzi akikosea, Asteria alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa na maana moja: kuna kitu hujakifanya, kitafute, endelea. Wengine walikitafuta huku jasho linawatiririka na akina shangazi wakiwatukana. Na pale kila kitu kilipokwenda kwa mpangilio wake, Asteria alisema kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti yake ya chini:

"Amelia."

Hapo ndipo zoezi lilipoisha. Selestine alipiga vigelegele, magunia yakafunguliwa, wakatoka juani wakisukumana kama watu waliotoka mtoni.

Zoezi halikupata kuisha vinginevyo. Mwalimu mwenzake alimwuliza mara moja kama hawapi picha ya uongo, maana wodini si kila mtoto hulia. Asteria alimjibu kwamba vifo wataviona wodini bila kufundishwa, yeye anataka waamini kwamba mikono yao inafaa kitu. Na kweli mikono ilibadilika. Mwaka wa tisini na saba hakuna mwanafunzi aliyesimama na kibeseni. Masista wa wodi walisema wanafunzi wa Asteria wanamrukia mtoto kama paka.

Hodari kuliko wote alikuwa Mbuke. Alitoka Kharumwa, binti wa mkulima wa pamba na mpunga, mikono mikubwa ya jembe, Kiswahili chake kizito kidogo. Wenzake walimcheka kwa kutamka kwake naye hakujali. Siku moja Asteria aliitwa ofisini katikati ya zoezi la Mbuke. Mazungumzo yakawa marefu, kengele ya chakula ikalia, akina shangazi wakapotea mmoja mmoja kwenda kula ugali. Asteria alipokumbuka na kukimbilia stooni, alimkuta Mbuke bado amepiga magoti, anapuliza, midomo imekauka, akisimama kidogo kukiweka upya kichwa cha Kashinde kisha akaanza tena.

"Ulikuwa sahihi tangu mwanzo," Asteria alimwambia. "Mimi sikuwepo."

"Nilifikiri nimekosea, mwalimu."

Kesho yake alimsifu mbele ya darasa. Aliwaambia muuguzi ni huyu.

Mvua za mwaka huo hazikufanana na mvua. Zilianza kabla ya wakati na hazikujua kuondoka, redio ikaziita El Nino na watu wa Ilogelo wakaziita hivyo hivyo, kama jina la mgeni msumbufu. Barabara zilikatika. Pamba ilioza shambani. Mbu walizaliana kwenye mashimo ya wachimba dhahabu, na homa ikashika nchi. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa wametawanywa kwenye zahanati kujifunza kazi, na Mbuke alikuwa amepangiwa kwa Pantaleo, upande wa Segese.

Ilikuwa kazi ya Asteria kuwazungukia. Siku aliyokwenda kwa Mbuke mvua ilikuwa imepumzika na jua lilikuwa kali. Landrova ya misheni ilikwama kwenye kalvati lililobomoka, akamwacha dereva na majembe, akashika viatu mkononi na kwenda kwa miguu. Alifika mchana, matope mpaka magotini.

Chini ya paa la zahanati walikaa watu wengi, wanawake wenye watoto, na vijana wa machimboni waliokuwa na udongo mweupe kwenye nywele. Walikuwa kimya. Asteria alikuwa amezoea zahanati zenye kelele, na kimya hicho kilimfanya apunguze mwendo. Pantaleo alitoka kumpokea kwenye baraza kabla hajasalimia mtu. Alikuwa amevua koti lake jeupe.

"Afadhali umefika," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu mtoto wako hataki kuacha."

"Kuacha nini?"

Pantaleo akaeleza. Asubuhi, wakati wa chai, mke wa mchimbaji mmoja alikuja na binti yake wa miaka miwili, Mageni. Homa ya siku kadhaa, degedege tangu alfajiri, damu imekwisha mwilini, viganja vyeupe kama karatasi. Mbuke alimpokea, alifanya kila kitu. Muda si mrefu mtoto akaacha kupumua. Mbuke akachukua mfuko wa kupulizia hewa, akaanza. Na mpaka sasa anapuliza.

"Mwambie."

"Nimemwambia. Ananiambia bado. Nimemwambia na mama, naye ananionyesha kifua kinavyopanda." Pantaleo alitazama vijana wa machimboni. "Nimshike mikono kwa nguvu? Mbele ya hawa? Watasema daktari kamzuia sista asimponye mtoto. Hapa nitakaa na nani?"

Asteria aliingia. Kilikuwa chumba kidogo chini ya bati, joto limejaa kama ndani ya chungu. Mtoto alikuwa amelazwa kitandani, kichwa kimekaa sawasawa, kitambaa kimekunjwa chini ya mabega kama alivyofundisha. Mbuke alikuwa amepiga magoti. Mkono mmoja ulishika barakoa usoni mwa mtoto, mwingine ulibana mfuko, ukaachia, ukabana. Mama wa mtoto alikaa sakafuni, ameushika mguu wa mwanawe.

Asteria alijua akiwa bado mlangoni. Aliyeona watoto wengi hahitaji kukaribia.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Mbuke bila kuinua macho.

"Marahaba."

"Nimesafisha mdomo. Nimempa dawa ya degedege. Nimempa sukari. Kichwa nimekiweka, nimekiweka tena. Kifua kinapanda." Alibana, akaachia. "Sijui ninakosea wapi. Niambie, mwalimu, ninakosea wapi?"

Na Asteria akaelewa. Ilimfikia yote kwa pamoja, stoo, magunia, tundu la kuchungulia, yeye mwenyewe nyuma ya pazia amenyamaza. Huyu binti alikuwa amekaa asubuhi nzima ndani ya kile kimya, akikitafuta kitu ambacho hajakifanya.

Alipiga magoti upande wa pili. Akafunua kope la mtoto. Mboni ilikuwa pana na haikujali mwanga, jicho limeanza kupoteza maji. Akaweka vidole kifuani, akasubiri. Mwili ulikuwa bado na joto, lakini lilikuwa joto la bati.

"Shikamoo, mama," alisema yule mama. Alikuwa kijana, mdogo kuliko Mbuke labda.

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe ndiye mwalimu wake?"

"Ndiyo mimi."

"Basi mwambie asichoke. Anapumua, mimi naona. Mwambie asichoke tu."

Asteria alifungua mdomo. Alikuwa amefanya kazi hii zaidi ya nusu ya maisha yake, na maneno yalikuwa hayapo. Wodini, mtoto akifa, hakuna aliyesema. Muuguzi alivuta shuka mpaka juu, mama akaelewa, na muuguzi akapata shughuli upande mwingine wa wodi. Hivyo ndivyo alivyofundishwa yeye, na waliomfundisha walifundishwa hivyo. Hapa hapakuwa na shuka. Palikuwa na mama aliyekazia macho kifua cha mwanawe, na kifua kilipanda na kushuka. Alitazama mikono ya Mbuke, ilikuwa imechoka mpaka kwenye viwiko.

"Nipe," alisema. "Pumzika kidogo."

Akachukua mfuko. Akabana. Kifua kikapanda.

Mama alitikisa kichwa kwa shukrani.

Baadaye, kila alipojaribu kujieleza mwenyewe kwa nini alifanya vile, Asteria hakupata maelezo yaliyosimama. Hakuwa ameamua. Alijua mtoto amekufa, alijua vilevile kama anavyojua jina lake, na mikono yake ilibana mfuko, na ilikuwa nafuu kubana kuliko kutobana. Nje mtu alikohoa. Pantaleo alikuja akasimama mlangoni, akaona nani ameshika mfuko sasa, akageuka akaondoka. Mbuke aliegemea ukuta, vidole vimejikunja kama bado vimeshika.

Mikono ya Asteria ndiyo iliyoanza kupunguza kasi. Haikusimama, ilichelewa tu. Ikabana, ikakaa, ikabana, ikakaa zaidi. Kati ya pumzi na pumzi kulikuwa na nafasi, na nafasi ikawa inakua, na katika nafasi moja yule mama aliacha kutazama kifua akamtazama Asteria usoni. Walitazamana hivyo.

"Mama?" aliuliza yule mzazi.

Asteria aliuondoa mkono wake kwenye mfuko akauweka kwenye goti lake mwenyewe.

Yule mama aliinama sikioni mwa mtoto. "Ng'wanone," alisema taratibu, mwanangu, kama anayemwita mtoto anayecheza nyuma ya nyumba arudi kula. Alimwita mara nyingine. Wanawake waliokuwa barazani walisikia mwito huo, na wao walijua maana yake. Kilio kikapanda kuizunguka zahanati yote.

Ndipo Mbuke akaruka kutoka ukutani. Alichukua mfuko, akatafuta uso wa mtoto, Asteria akamkamata mikono yote miwili. Binti alikuwa na nguvu.

"Bado, mwalimu. Hujasema."

"Mbuke."

"Hujasema!"

"Amekufa, Mbuke. Alikufa kabla sijafika."

Lilikuwa neno ambalo hajawahi kulitamka mbele ya mwanafunzi. Mbuke aliacha kushindana. Alimwangalia Asteria bila hasira, kama mtu aliyeonyeshwa njia, akaifuata, na mwisho wake akakuta ukuta.

Jioni baba wa mtoto alikuja kutoka machimboni. Alishukuru. Alisema wameambiwa na watu jinsi sista alivyohangaika bila kuchoka, na wao hawana la kusema, Mungu ndiye aliyetaka. Akamletea Mbuke kuku jike, amefungwa miguu kwa kamba ya katani. Mbuke alikataa kwa kichwa, na Pantaleo akampokea kuku kwa niaba yake kwa sababu kumkataa ingekuwa kumtukana mfiwa. Asubuhi Mbuke alifunga begi lake. Alikwenda mazishini, alikaa na wanawake mpaka kaburi lilipofunikwa, kutoka huko akashika njia ya Kharumwa.

Chuoni mkuu wa chuo alisema wasichana huenda na wasichana huja, atafutwe mwingine wa kwenda Segese. Asteria alifunga stoo. Selestine alikuja kuuliza kama Kashinde anaumwa. Alipoona uso wa mwalimu alijutia mzaha wake, akaomba radhi akaenda zake.

Mtihani wa mwisho ulikuwa unakaribia. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa Asteria, kwamba mwanafunzi bora hawezi kuukosa mtihani. Lakini njia nzima ya kwenda Kharumwa, juu ya lori la chumvi, hakuufikiria mtihani. Alifikiri kwamba yule binti akibaki huko, basi kazi yote ya chumba kile ilikuwa kumchukua mtu mwenye mikono mizuri na kumharibu. Na akirudi, hata akirudi kilema, basi labda.

Mama yake Mbuke alimpokea vizuri mno, akamkalisha kwenye kiti cha pekee cha nyumba, akaagiza kuku akamatwe. Alisema binti hajambo, anafanya kazi, anakula. Alichezea ncha ya khanga.

"Ila akilala anapuliza, mwalimu. Kama mtu anayepoza uji. Nikimwamsha anasema hakuna kitu."

Mbuke alikuwa majarubani, maji mpaka juu ya vifundo, anapandikiza mpunga. Alimsalimia mwalimu wake kwa heshima zote, akaomba radhi kwa mikono yenye tope. Asteria alivua viatu akaingia majini, kwa sababu hakuona la kufanya akiwa amesimama kando. Akachukua fungu la miche. Walikwenda sambamba, wameinama, na ilikuwa rahisi kusema bila kutazamana. Alisema juu ya mtihani. Alisema kitanda chake bwenini hakijapewa mtu. Mbuke aliitikia ndiyo, mwalimu, kila mahali panapostahili ndiyo.

Kisha binti akauliza:

"Siku ile, ulipofika mlangoni, uliona nini?"

"Niliona amekufa."

"Kutoka mlangoni?"

"Kutoka mlangoni."

Mbuke alichomeka mche, akaukandamiza kwa kidole gumba. "Na ukapiga magoti, ukapuliza."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Asteria alitafuta jibu la mwalimu. Yalikuwepo mengi, na yote yangesikika vizuri darasani.

"Mama yake alikuwa anatazama," alisema.

Walifika mwisho wa jaruba, wakageuka.

"Mimi nilidhani kuna mahali pa kuacha," Mbuke alisema, "na wewe unapajua. Nilidhani nikifanya vizuri utaniambia. Hata siku ile, nilipokusikia mlangoni, nilifurahi. Nilisema sasa amekuja anayejua."

"Sikujua. Mpaka leo sijui, Mbuke."

"Haya, mwalimu," alisema binti kwa upole, kama anayemsamehe mtoto aliyevunja kikombe. Upole huo ulimuuma Asteria kuliko kama angetukanwa.

Walikula. Kuku alikuwa mzuri, na Asteria alikula kwa sababu ilibidi. Baba alirudi kutoka kwenye ng'ombe, akashukuru kutembelewa na mtu mkubwa, akasema uamuzi ni wa binti mwenyewe. Wote wakamtazama Mbuke. Naye, kwa kuwa hakulelewa kumwambia mwalimu wake hapana mbele ya wazazi, alisema atafikiri, Mungu akipenda. Mama akaitikia, Mungu akipenda. Asteria naye akasema hivyo, na hakuna hata mmoja pale aliyekosa kuelewa jibu lilikuwa lipi.

Mbuke alimsindikiza mpaka barabarani akimbebea mkoba. Njia ilikuwa ya kingo za majaruba, nyembamba, wakapita mmoja nyuma ya mwingine. Asteria alikuwa mbele. Kila walipofika mahali pa kuvuka maji alipunguza mwendo, akidhani labda hapa Mbuke atasema kitu, na walivuka, na Mbuke alisema tu, angalia hapo panateleza. Pikapu ilikuja imejaa magunia na watu. Abiria walimpa Asteria nafasi kidogo pembeni. Mbuke alimpandishia mkoba, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, ile mikubwa, yenye tope lililokauka kwenye kucha.

"Safari njema, mwalimu. Wasalimie."

"Nitawasalimia."

Gari liliondoka polepole kwa sababu ya mashimo, kwa hiyo Asteria alipata muda mrefu wa kutazama nyuma. Alifikiri binti atabaki pale barabarani mpaka wapotee machoni, kama ilivyo desturi. Lakini Mbuke alikuwa ameshageuka, anarudi kwa haraka juu ya kingo, sketi ameifunga kiunoni. Maji ya jaruba yalikuwa yanapungua, na miche iliyobaki ilipaswa kuingia udongoni kabla ya jua kuzama.